Mwita Alipokuwa Anapiga

Rhobi mwanangu,

Nakusikia hapo nje kwa shangazi yako mkicheka, kwa hiyo sitakuuliza kama hujambo. Jua bado halijazama. Nimewaambia wote kwamba nakunja nguo zako, nao wameniacha. Nguo nilishazikunja tangu mchana. Ninachofanya ni kukuandikia, maana nikijaribu kusema kwa mdomo nitaanzia katikati, wewe utanirekebisha, tutaishia kuongea habari nyingine.

Mambo ya chakula, ya kufunga mlango, ya watu wa kusalimia na wa kukwepa huko Mwanza, shangazi yako ameyamaliza. Mimi nataka kukusimulia jambo lililonipata mwaka ule ulipokuwa bweni, kidato cha tatu. Wewe uliambiwa tu kwamba laini ya mama ilisumbua kidogo. Mwita kaka yako hakukuambia hata hilo. Lakini siku uliponieleza kwamba kazi uliyopata ni ya kuwajibu wateja wa kampuni ya simu, ukanionyesha kwa mikono vile mtakavyovaa vile vidude vya masikioni, nilifurahi na papo hapo nikachanganyikiwa. Ulidhani ninasikitika kwa sababu unaondoka. Haikuwa hilo peke yake.

Unakumbuka vijana walivyopungua hapa Nyanungu mwaka ule. Kulikuwa na rashi upande wa Serengeti. Mtu analima, jembe linagonga jiwe lenye kung'aa, na baada ya muda mfupi shamba limegeuka mji wa maturubai, kila kona kuna shimo. Dhahabu ikikata watu wanahama, maana rashi nyingine imeshasikika mbele. Baba yenu alikuwa ameshatutoka, na mimi mwenyewe nilikuwa naponda mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wenzangu. Mawe ya wengine, sisi tunaponda na kuosha. Kwa hiyo Mwita aliposema anakwenda kwenye rashi, sikuwa na mdomo wa kumkataza.

Kaka yako alikuwa mtu wa simu. Hata akienda Tarime mjini kununua dawa ya ng'ombe, alikuwa anapiga kuuliza ninafanya nini, na mimi ninafanya nini zaidi ya kuponda mawe. Siku anaondoka nilimsindikiza mpaka njiani, nikamwambia, "Mura, kijana wangu, sasa nitapumzika na simu zako." Alicheka, nami nikacheka. Ilikuwa utani, Rhobi. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo nayageuza huku na huku kutafuta yalikuwa na ubaya gani.

Haikupita muda, kampuni ikatangaza kwamba kila mtu ahakiki laini yake kwa alama za vidole. Nikaenda Tarime, nikapanga foleni. Dada wa dukani akanipa kale kamashine, nikaweka kidole gumba. Akaniambia nifute jasho. Nikafuta. Akaniambia nibadilishe kidole. Nikabadilisha vyote, mkono wa kulia na wa kushoto, na watu nyuma yangu wakaanza kuguna.

"Mama, vidole vyako havisomeki," akasema.

Nikavitazama. Vilikuwa vidole tu, kama siku zote. Nikamuuliza kama ni ugonjwa. Akasema hapana, ila mfumo hauoni kitu, huenda ni kwa sababu ya kazi ninayofanya, nivipumzishe nirudi. Nikarudi nyumbani na neno hilo la mfumo. Sikujua mfumo ni mtu gani, lakini nilielewa kwamba ndiye mkubwa wa pale dukani, na kwamba amenitazama mikono na hakuona kitu.

Kisha laini ikafungwa. Mwanzoni sikujali sana. Nilijua Mwita akipiga asinipate atapiga tena. Nikarudi dukani, na safari hii yule dada akaniambia kwamba matatizo ya namna yangu hayashughulikiwi tena kaunta, yamehamishiwa mtandaoni, ni rahisi na hakuna foleni. Akanionyesha picha kubwa ukutani. Kulikuwa na msichana mzuri anatabasamu, na chini yake wameandika: Ongea na Furaha, saa yoyote. Nikamwambia vizuri, basi niitie Furaha. Akanitazama kidogo, akaniambia niende kwa mtu yeyote mwenye simu kubwa.

Siku hiyohiyo, nikiwa bado mjini, nikakutana na jirani yetu mmoja aliyetoka kwenye rashi. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kope. Aliniambia kwamba duara moja, ndivyo wanavyoyaita yale mashimo, limeporomoka. Watu walikuwa ndani. Wengine wametolewa, wengine bado. Nikamuuliza Mwita. Akasema hajui, pale watu wanajuana kwa majina ya utani, na yeye aliondoka vumbi likiwa bado linapanda. Akaniambia, "Atakupigia, Mama Mwita. Akiwa mzima atakupigia."

Hapo ndipo nilipoanza kukimbia.

Unamjua Mama Asha, fundi cherehani wa karibu na soko, yule ambaye babu yake alitoka Tanga na vitambaa akaishia kuoa hapa. Yeye alikuwa na simu kubwa. Aliacha gauni la mtu kwenye cherehani, sindano ikiwa imezama, akanikalisha. Tukamtafuta Furaha tukampata. Mama Asha akauliza tuanze na shikamoo au vipi. Nikamwambia kwenye picha ni msichana mdogo, ila sasa ndiye mwenye shida zetu mkononi. Tukabishana hapo kidogo, mwishowe tukaandika: Habari yako mwanangu.

Furaha akajibu upesi, hata sikuwa nimevuta pumzi. Akasema amefurahi kutuona, tuchague moja: vifurushi, salio, milio ya simu, laini iliyofungwa. Mama Asha akapiga kofi kwenye goti. Tukachagua laini iliyofungwa. Akaomba namba, tukampa. Akasema kwa usalama wangu ametuma tarakimu sita kwenye namba hiyo, tuziandike hapo.

Tukatazamana. Mama Asha akasoma tena kwa sauti. Tarakimu zimetumwa kwenye laini yangu, na laini yangu ndiyo iliyofungwa. Nilitoa simu yangu ndogo mfukoni, nikaiwasha, nikaitikisa. Hata sasa najiuliza kwa nini niliitikisa.

Tukamwandikia kwamba hazijafika na haziwezi kufika. Akasema samahani hajaelewa, tuchague moja: vifurushi, salio, milio ya simu, laini iliyofungwa. Tukachagua tena. Akatuma tena tarakimu. Tukaandika kwa maneno mengine, tukafikiri labda Kiswahili chetu ni cha huku bara, yeye amezoea cha pwani, na Mama Asha akakumbuka cha babu yake. Hakuelewa. Nikamwambia Mama Asha aandike ukweli wote. Akaandika: Mwanangu yuko machimboni, shimo limeporomoka, namba anayoijua ni hii tu, tafadhali ifungue.

Furaha akajibu kwamba kuna kifurushi kipya cha familia, nimnunulie mwanangu leo.

Nilidhani anatudhihaki. Mama Asha akasema labda ameona neno mwanangu. Kisha ukaja ujumbe kwamba mazungumzo yamefungwa, tumpe nyota kwa jinsi alivyotuhudumia. Mimi ndiye niliyesema apewe nyota zote. Nilifikiri akiona tumempenda atarudi kutazama vizuri. Mama Asha alisita, kisha akampa. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba Furaha si mtu. Hata sasa ukiniuliza, najua si mtu, lakini kuna siku namkasirikia kama mtu.

Utauliza kwa nini sikununua laini nyingine. Nyingine nayo ilitaka vidole. Na Mama Asha alinipa yake moja ya akiba, lakini ingenisaidia nini? Namba ambayo Mwita alikuwa nayo kichwani ilikuwa hiyo moja. Nyingine zote zilikuwa kwenye simu yake, na simu yake, kama nilivyokuja kujua baadaye, ilibaki shimoni.

Kesho yake tukapiga ile namba ya huduma kwa wateja. Muziki ukapiga mpaka Mama Asha akamaliza kushona mkono wa gauni. Katikati ya muziki mwanamke anasema simu yako ni muhimu kwetu. Mwishowe akapokea kijana. Sauti ya kweli ya mtu, nikasikia hata akimeza mate. Akanisalimia shikamoo mama, nami nikajikuta naanza kulia. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akasema pole sana, ili anisaidie inabidi nipige kwa kutumia laini yenyewe.

Nikamwambia imefungwa.

Akasema anaelewa, lakini mfumo hauruhusu kufungua laini kutoka laini nyingine.

Rhobi, hapo nilimtukana. Siwezi kuandika niliyosema, na niliyasema kwa Kikurya na kwa Kiswahili, wapita njia wakasimama. Nilimuuliza kama ana mama. Nilimuuliza kama mama yake alizaa mtu au jiwe. Yeye akaniacha mpaka nikaishiwa. Nilidhani amekata simu. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeogopa kusikika na aliye karibu yake:

"Mama, mimi nakuamini. Lakini kitufe cha hilo kwangu hakipo."

Nikamuuliza kipo kwa nani. Akasema hajui. Akasema yeye ana miezi michache tu pale, na hajawahi kumwona mwenye nacho. Halafu simu ikakatika, sijui alikata yeye, sijui ilikwisha salio, sijui mfumo.

Nimekaa na kijana yule moyoni kuliko unavyoweza kudhani. Nilikuwa mpole kwa Furaha, nikamwita mwanangu, nikampa nyota. Aliyekuwa mtu wa kweli, akanisalimia, akaniamini, huyo ndiye nilimtukania mama yake. Sijapata hata nafasi ya kumtaka radhi, kwa sababu nikipiga tena hapokei yeye. Na sasa wewe unakwenda kukaa kwenye kiti kama chake. Nataka nikuombee watu wasikutukane, na najua watakutukana, na najua ni watu gani. Ni sisi.

Baada ya hapo nikafanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma. Ujumbe ulikuja kwenye simu ya Mama Asha kwamba ombi langu limepokelewa na linashughulikiwa. Limepokelewa na nani, sikuuliza. Nikaamini. Badala ya kwenda mwenyewe kule kwenye rashi kumtafuta mtoto wangu, nikakaa karibu na simu iliyofungwa nikingoja ifunguliwe. Kila asubuhi nakwenda kwa Mama Asha, anatazama, anasoma: linashughulikiwa. Ninarudi nyumbani nikiwa na nguvu kidogo. Neno lile lilikuwa linanilisha. Ninapita mbele ya magari ya kwenda Mugumu, njia ya kwenye rashi, na sipandi, naogopa kwamba nikiondoka ndipo itafunguka na Mwita atapiga. Shangazi yako aliniambia, "Wewe unangoja simu kama mtu anayengoja basi ambalo limeshapita." Nikamkasirikia. Nikaendelea kungoja.

Siku niliyoamka nikapanda gari, sikuwa nimeamua kitu. Miguu ilikwenda tu. Nikafika Mugumu, nikaelekea Morotonga, nikauliza njia ya kwenye rashi. Watu wakanionyesha, lakini kwa namna ya mtu anayekuonyesha nyumba iliyohamwa. Nilipofika niliona mashimo mengi na maturubai machache. Dhahabu ilikuwa imekata, watu wamekwenda mbele. Aliyebaki ni mama mmoja muuza chakula, wanamwita Mama Nyangi, alikuwa anafunga sufuria zake ili naye ahame.

Nikamwambia namtafuta Mwita, kijana mrefu, Mkurya, ana kovu juu ya nyusi. Akaweka sufuria chini.

"Wewe ndiye mama yake?" akaniuliza. Na namna alivyouliza haikuwa nzuri.

Akanikaribisha kwenye benchi lakini hakunipa chai. Akasema Mwita alikuwa ndani ya lile duara, akatolewa, mguu umeumia. Walimpeleka zahanati, akarudi na mkongojo, akawa analala nyuma ya banda lake. Kila siku alikuwa anamwomba Mama Nyangi simu ampigie mama. Anabonyeza namba bila kutazama. Anasikiliza ile sauti ya kusema namba hii haitumiki, halafu anamrudishia simu na kumshukuru.

"Nilimwambia labda ni mtandao," Mama Nyangi akasema. "Akaniambia, hapana, mama amepumzika."

Nilimwonyesha vidole vyangu, Rhobi. Sijui nilitegemea aone nini. Nikamweleza habari ya kamashine, ya Furaha, ya tarakimu sita, ya kijana asiye na kitufe. Nilikuwa najieleza kwa mtu nisiyemjua kama niko barazani kwa wazee, na nilivyozidi kusema ndivyo nilivyojisikia naongopa. Alinitazama mikono muda mrefu, kisha akamimina chai. Akasema Mwita aliondoka siku chache nyuma, alipanda lori, hakusema anakwenda wapi. Siku chache. Zile zile nilizokuwa naambiwa linashughulikiwa.

Nikarudi nyumbani nikijua ana uhai, na hilo lilinitosha kwa njia yote. Nilipofika mlangoni likaacha kunitosha.

Nilitafuta kwa watu. Nikaacha salamu kwa kila dereva wa lori na kila mchuuzi. Nikaacha kuponda mawe kwa muda, nikipaka vidole mafuta ya ng'ombe, nikaenda tena kwenye kamashine, kakakataa. Mama Asha akaendelea na Furaha peke yake, kwa ubishi tu, akimwandikia wakati akingoja wateja. Kisha asubuhi moja, ninakamua maziwa, simu yangu ndogo ikalia ndani ya khanga. Ujumbe. Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa, asante kwa uvumilivu wako.

Laini imefunguka. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyeniuliza vidole. Kama ni Mama Asha aliyeshinda, kama ni yule kijana alimpata mwenye kitufe, kama ni mfumo ulichoka, sijui. Nimekaa na watu wenye akili wakanieleza na sijaelewa. Ningependa kukufundisha kwamba ukivumilia unafunguliwa, au kwamba ukipiga kelele unafunguliwa, lakini nilifanya vyote viwili na sijui kipi kilikuwa kipi.

Mwita alipiga wakati wa mavuno. Alikuwa amefika Robanda, akapata kazi ya kulinda mahindi ya mtu yasiliwe na tembo, na mwenye shamba alimpa simu ya kuwaitia askari wa wanyama. Aliniambia baadaye kwamba alibonyeza ile namba ili tu aisikie ile sauti ya mashine, alishaizoea. Mimi nikapokea.

Nikasema haloo, haloo. Nikasikia mtu anapumua na mbwa anabweka kwa mbali. Nikajua.

"Mura," nikasema, "laini ilifungwa. Ni vidole vyangu."

"Vidole vimefanya nini, mama?"

Nikaanza kueleza, kila kitu kikatoka kwa fujo, kamashine, picha ya ukutani, nyota, yeye anaitikia tu mh, mh. Nilipomaliza akasema, "Sawa, mama." Akauliza hali ya ng'ombe. Akaja nyumbani mwenye shamba alipokwisha kuuza mahindi yake, anachechemea kama unavyomwona, ameniletea sukari na kitenge. Hatukuzungumza tena jambo hilo. Wewe ulipofunga shule ulimkuta yupo, ukadhani ni likizo kama yako.

Sasa sikiliza, maana hiki ndicho kilichonifanya nijifungie humu. Leo alipofika kutoka Robanda, kwenye kazi yake ileile, kukusindikiza, alinikuta zizini. Tukasimama, tukawatazama ndama. Akaniuliza ile kampuni ya Rhobi ni ile yenye laini yangu. Nikasema sijui, zote kwangu zinafanana. Akachomoa majani kwenye uzio. Kisha akasema:

"Akishazoea kule, ataweza kuona? Mimi nilipokuwa napiga, na laini yenyewe imefungwa, kuna mahali inaonekana?"

Nilimwangalia usoni. Hakuwa na hasira, Rhobi. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini. Miaka yote hii ameniita mama, amekula ugali wangu, amejenga zizi lile kwa mikono yake, na bado kuna sehemu yake imekaa kwenye benchi la Mama Nyangi na simu sikioni, haijui. Nilitaka kusema, mura, huniamini? Nikaona hilo si swali lake. Yeye anataka tu aonyeshwe.

Nikamwambia nitakuuliza.

Basi nakuuliza. Usihangaike siku za mwanzo, zoea kwanza kiti na watu. Lakini ukipata nafasi, mwulize aliye karibu nawe, na akisema hajui, mwulize mwingine. Kama ipo mahali, mpigie kaka yako umsomee mwenyewe, usipitie kwangu. Na kama haipo, mpigie pia. Mwambie uliitafuta.

Wanakuita ule. Natoka.

Mama yako.